Mali bila daftari: Namna ya kutambua njia ya matangazo inayoleta wateja wenye faida Mombasa

MFANYABIASHARA wa Mji wa Kale, Mombasa, hulipia matangazo hata pale anapodhani kwamba hatangazi. Hulipa redio isome jina la duka lake. Humpa kamisheni mwongoza watalii anayemletea wageni kutoka Fort Jesus. Hununua nafasi Facebook na Instagram, huchapisha karatasi za kugawiwa wapita njia kwenye kivuko cha Likoni, na huwapunguzia bei majirani wanaomletea jamaa zao. Mwisho wa mwezi fedha zimetoka na wateja wamekuja, lakini ni wachache mno wanaoweza kusema ni shilingi gani iliyomleta mteja gani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari waliloliwaza lilikuwa la madeni na bidhaa zilizotoka ghalani. Biashara ya leo inahitaji safu moja zaidi katika daftari hilo: mteja huyu alifikaje hapa? Anayejaza safu hiyo kila siku, kisha akaisoma kwa subira, hugundua mara nyingi kwamba njia inayomletea umati si ile inayomletea faida.

Makala haya yanaeleza maana ya mteja wa thamani, namna ya kukusanya habari zake bila gharama kubwa, hesabu inayofuata, makosa yanayopotosha hesabu hiyo, na mipaka iliyowekwa na sheria za Kenya.

Mteja wa thamani ni yupi?

Wengi humpima mteja kwa ukubwa wa noti anayoitoa siku ya kwanza. Kipimo hicho hakitoshi. Thamani ya mteja ni faida anayoiacha dukani kwa muda wote anaoendelea kununua, baada ya kuondoa gharama ya bidhaa na gharama ya kumpata. Mama wa Kibokoni anayenunua bizari na iliki za Sh500 kila wiki kwa miaka mitatu humzidi mgeni wa Sh5,000 atakayepanda ndege kesho na asirejee tena.

Njia ya matangazo nayo hupimwa kwa kipimo hichohicho. Njia bora ni ile ambayo wateja wake, wakijumlishwa kwa mwaka mzima, wanaacha faida kubwa kuliko fedha zilizotumika kuwavuta. Idadi ya watu waliobonyeza tangazo mtandaoni, au waliosikia jina la duka redioni, ni habari za mwanzo tu. Hazionyeshi kama wasikilizaji hao walinunua chochote.

Kanga na nyayo za mnunuzi

Ufundi wa kufuata nyayo za mteja si mgeni Mombasa. Katika Barabara ya Biashara, kandokando ya Mji wa Kale, biashara ya kanga ya Kaderdina Hajee Essak inahesabu umri wake kuanzia mwaka 1887. Kanga zake zilichapwa alama iliyojulikana pwani nzima, ‘Mali ya Abdulla’. Kanga iliposafiri kutoka mji hadi mji ilibeba jina la mwenye mali. Mwanamke aliyeipenda nguo ya jirani yake hakuwa na haja ya kuuliza ilikotoka, kwa kuwa nguo yenyewe ilimjibu.

Kulikuwa na upande wa pili wa kazi hiyo. Kanga zilichapishwa mbali, kwanza katika viwanda vya Ulaya kama kile cha Van Vlissingen kilichokuwa Helmond, Uholanzi, na baadaye India, Japani na Afrika Mashariki yenyewe. Muuzaji aliagiza miezi kadhaa kabla ya mzigo kufika. Ilimlazimu ajue mapema ni rangi ipi, pindo lipi na jina lipi litakalopendwa. Akikosea, robota zilibaki ghalani huku wanawake wakihamia kwa mshindani. Kwa hivyo habari za mnunuzi zilikuwa na bei, ingawa hazikuandikwa katika tarakilishi.

Huko Marekani, mwandishi wa matangazo Claude Hopkins alichapisha kitabu chake Scientific Advertising mwaka 1923. Alisisitiza kwamba tangazo lazima lipimwe kwa mauzo. Mbinu aliyoitegemea ilikuwa kuponi: kila gazeti lilipewa kuponi yenye alama yake, na msomaji alipoirudisha, mwenye bidhaa alijua ni gazeti gani lililomleta. Karibu kila mbinu ya mtandaoni inayotumika leo imejengwa juu ya wazo hilo la kuipa kila njia alama yake.

Swali moja lenye thamani

Hatua ya kwanza haihitaji mtambo wowote. Inahitaji swali moja, linaloulizwa kila mteja mpya kwa namna ileile: “Ni nani aliyekuelekeza kwetu?” Namna ya kuuliza ina uzito. Muuzaji akisema, “Bila shaka ulituona mtandaoni?” mteja mwungwana atakubali kwa adabu ili asimvunje moyo, na daftari litajaa majibu ya heshima yasiyo na ukweli. Swali lililo wazi humwachia mteja nafasi ya kumtaja shangazi, dereva wa tuktuk, au kibao alichokiona akitoka msikitini.

Majibu yaandikwe katika safu tano: tarehe, njia iliyomleta mteja, mahali anakoishi, kiasi alichonunua, na kama ni mara yake ya kwanza au amerudi. Jina si la lazima. Namba ya kadi ndogo inayopigwa muhuri kila anaporudi yatosha kumtofautisha mteja mmoja na mwingine.

Safu ya makazi ina faida maalumu katika kisiwa hiki. Mkazi wa Majengo, mwenyeji wa Nairobi aliyefika Miritini kwa treni ya Madaraka Express iliyoanza safari mwaka 2017, na mtalii kutoka Ulaya wanaweza kununua kahawa ileile katika saa ileile. Wa kwanza atarudi kwa miguu, wa pili anaweza kuagiza kifurushi kila mwezi, na wa tatu huenda asionekane tena.

Hatua ya pili ni kuzipa njia alama, kama Hopkins alivyofanya na kuponi zake. Tangazo la Pwani FM litaje namba moja ya simu, la Baraka FM litaje nyingine. Karatasi za Likoni zichapwe neno fulani ambalo mteja akilitamka hupewa kipunguzo kidogo. Kila mwongoza watalii apewe kadi za rangi yake. Wanaoagiza kwa WhatsApp walipie namba ya malipo iliyo tofauti na ile iliyobandikwa dukani.

Huduma za fedha kwa rununu zimerahisisha kazi hii. M-Pesa ilianzishwa Machi 2007, na Lipa na M-Pesa ikafuata mwaka 2013. Taarifa ya malipo humwonyesha muuzaji tarehe, saa na kiasi cha kila malipo bila yeye kuandika chochote. Akiwa na namba mbili za malipo, mauzo ya dukani na ya mtandaoni hujitenga yenyewe.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa duka la viungo la kubuni, lililoko karibu na Ndia Kuu. Tarakimu zinazofuata ni za kufundishia tu. Tuseme faida ya duka hilo ni asilimia 40 ya mauzo kabla ya gharama za matangazo, na kwamba katika miezi mitatu limepata wateja wapya kwa njia tatu.

Waongoza watalii walileta wateja 300. Kila mmoja alinunua bidhaa za Sh1,500, jumla Sh450,000. Faida ikawa Sh180,000. Kamisheni ya asilimia 20 ya mauzo ilichukua Sh90,000, zikabaki Sh90,000.

Matangazo ya mtandaoni yalileta wateja 120 walionunua kwa Sh1,000 kila mmoja, jumla Sh120,000. Faida ikawa Sh48,000. Matangazo yaligharimu Sh30,000, zikabaki Sh18,000.

Majirani na jamaa walileta wateja 60 walionunua kwa Sh800 kila mmoja, jumla Sh48,000. Faida ikawa Sh19,200. Kila aliyemleta mwenzake alipewa zawadi ya Sh120, yaani Sh7,200 kwa wote, zikabaki Sh12,000.

Mwenye duka akisimama hapo, uamuzi unaonekana wazi. Waongoza watalii wameshinda kwa mbali, majirani wako mkiani, na fedha zote za mwaka ujao zitakwenda kwenye kamisheni.

Sasa daftari lisomwe tena baada ya mwaka mmoja, likifuata wateja walewale. Wageni 300 hawakurudi, kwa hiyo faida yao imebaki Sh90,000. Wale 60 wa majirani walinunua mara sita kila mmoja kwa wastani. Mauzo yao yamefika Sh288,000, faida Sh115,200, na ukiondoa zawadi zilezile za Sh7,200, zinabaki Sh108,000.

Wale 120 wa mtandaoni wanahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Wateja 108 kati yao hawakurudi. Waliosalia 12, wakazi wa Nairobi na miji mingine, waliendelea kuagiza vifurushi vya Sh1,500 kila mwezi kwa miezi 11, wakijilipia usafirishaji. Mauzo hayo ni Sh198,000, na faida yake Sh79,200. Ikijumlishwa na zile Sh18,000 za mwanzo, njia ya mtandao imeacha Sh97,200.

Mpangilio umepinduka wote. Majirani wa mwisho wamekuwa wa kwanza, mtandao umefuata, na waongoza watalii wamekuwa wa tatu. Kwa kila kichwa, mteja wa jirani ameacha Sh1,800, wa mtandaoni Sh810, na wa mwongoza watalii Sh300.

Hesabu hii haimwambii mwenye duka awafukuze waongoza watalii, maana Sh90,000 ni fedha halali. Inamwonyesha mambo matatu. Kwanza, zawadi ya Sh120 kwa jirani ni ndogo mno ikilinganishwa na faida ya Sh1,800, hivyo anaweza kuiongeza bila hasara. Pili, tangazo la mtandaoni lielekezwe kwa watu wanaofanana na wale 12, wanaoishi mbali na wanaopenda mapishi ya pwani. Tatu, ana hoja ya kujadiliana na waongozaji kuhusu kiwango cha kamisheni.

Makosa yanayopotosha daftari

Kosa la kwanza ni kumpa sifa zote aliyekuwa wa mwisho. Mteja anaweza kulisikia jina la duka redioni mwezi Machi, akaona picha zake Instagram mwezi Mei, akamuuliza binamu yake kama bidhaa ni safi, kisha mwezi Juni akaongozwa hadi mlangoni na kijana wa mtaani. Kijana huyo atapokea kamisheni yote, ilhali uamuzi wa kununua ulikwisha kufanywa. Dawa yake ni kuuliza swali la pili: “Uliwahi kutusikia kabla ya leo?”

Jaribio lenye nguvu zaidi ni kuisimamisha njia moja kwa wiki nne au sita huku nyingine zikiendelea. Mauzo yasipotikisika, kuna sababu ya kushuku kwamba njia hiyo ilikuwa ikiwapokea wateja ambao wangefika kwa vyovyote.

Kosa la pili ni kusahau msimu. Biashara ya Mombasa imefuata majira tangu enzi za majahazi, yalipokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Siku hizi kuna likizo za shule, Krismasi, Ramadhani na Idd. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, kwa hivyo kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida. Muuzaji wa tende au wa kanzu anayelinganisha Machi ya mwaka huu na Machi iliyopita anaweza kulisifu tangazo kwa kazi iliyofanywa na mwezi mtukufu. Ulinganisho wa haki ni Ramadhani kwa Ramadhani, na likizo kwa likizo.

Kosa la tatu ni kukata shauri kwa wateja wachache mno. Redio iliyoleta watu wanne, mmoja wao akiwa mpishi wa harusi aliyenunua gunia zima la mchele, haijathibitisha ubora wake. Mpishi huyo aandikwe kando, na daftari liachwe likue.

Hatari ya kutegemea mlango mmoja

Daftari hufichua pia udhaifu ambao faida ya leo huuficha. Mei 2014, kufuatia mashambulizi ya kigaidi, Uingereza iliwashauri raia wake wasizuru Kisiwa cha Mombasa na sehemu za karibu isipokuwa kwa safari za lazima. Kampuni za utalii za Thomson na First Choice ziliwarejesha nyumbani mamia ya wateja wao na kufuta safari za ndege za kuja Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Maduka yaliyowategemea wageni wa aina hiyo pekee yalifungiwa njia kwa uamuzi uliotolewa maelfu ya kilomita kutoka Fort Jesus.

Pigo jingine lilitoka upande usiotarajiwa. Mei 6, 2020, wakati Waislamu wakiwa katika mfungo wa Ramadhani, serikali ilitangaza marufuku ya kuingia na kutoka Mji wa Kale ili kudhibiti ugonjwa wa Covid-19. Masoko na mikahawa ya eneo hilo iliamriwa kufungwa. Marufuku hiyo, iliyotangazwa pamoja na ya Eastleigh jijini Nairobi, ilidumu hadi mapema Juni, Idd ikiwa imekwisha kupita. Mwenye duka aliyemtegemea mpita njia hakuwa na namna ya kumfikia mteja wake wa Tudor au Nyali hata kumweleza kwamba bado yupo. Aliyekuwa na namba za simu za wateja waliokubali kuandikiwa alibaki angalau na njia ya kuzungumza nao.

Kwa sababu hiyo, anayesoma daftari hujiuliza pia ni sehemu gani ya faida itakayopotea ikiwa njia moja itazibwa ghafla. Jibu likizidi nusu, kutafuta njia ya pili kunakuwa na thamani hata kama faida yake ya mwanzo ni ndogo.

Sheria na heshima ya mteja

Habari za mteja ni amana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeeleza wajibu wa anayehifadhi habari za wengine. Sheria hiyo humtaka mfanyabiashara apate idhini ya mteja, au awe na ruhusa ya kisheria, kabla ya kutumia habari zake kibiashara. Mteja anayetumiwa arafa za matangazo lazima awe na njia rahisi ya kujiondoa.

Kanuni za usajili za mwaka 2021 ziliwaondolea wajibu wa kujisajili wenye biashara ndogo, yaani zenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi. Hata hivyo, sekta kadhaa hazikupewa nafuu hiyo. Miongoni mwazo ni biashara za ukarimu kama hoteli, jambo linalowahusu moja kwa moja wenye nyumba za wageni. Msamaha wa usajili nao haumwondolei yeyote wajibu wa kulinda habari alizonazo.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ina uwezo wa kutoza faini ya hadi Sh5 milioni au, kwa kampuni, asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Mnamo Septemba 2023, sehemu moja ya burudani jijini Nairobi ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja katika mtandao wa kijamii bila idhini yake. Wenye mikahawa wanaopenda kuwapiga picha wageni wao ili kujitangaza wana funzo hapo.

Usalama ulio bora ni kutokusanya kisichohitajika. Ili kujua kama redio inalipa, hapahitajiki namba ya kitambulisho, dini, wala jina la mume wa mteja. Namba ya simu ichukuliwe kwa ridhaa, kwa sababu iliyoelezwa, na ifutwe mteja anapoomba. Namba hiyo isiuzwe wala kuazimwa kwa duka jirani. Katika mitaa ambayo watu wamejuana kwa vizazi, habari ya namba iliyovujishwa husambaa upesi kuliko tangazo lolote.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanza hahitaji kumwajiri mtaalamu. Aorodheshe njia zote zinazomgharimu, zikiwemo kamisheni na zawadi ambazo hajazoea kuziita matangazo. Aipe kila njia alama yake. Awafundishe wanaouza dukani kuuliza swali moja kwa namna moja. Aandike kila siku kwa miezi mitatu bila kubadilisha chochote, kisha afuate wateja walewale kwa mwaka, akipiga hesabu kila robo. Fedha zihamishwe kidogokidogo, njia moja baada ya nyingine, ili matokeo ya kila badiliko yaonekane.

Kuna msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mji ambao jina jema la duka hupita kutoka baraza moja hadi jingine, msemo huo una ukweli mwingi. Lakini hata kizuri kinapojiuza, kuna mtu aliyekisifu na mahali aliposimama akikisifu. Asipoandikwa, mwenye duka ataendelea kumlipa mwingine kwa kazi ya mtu huyo.